Mama Watoto alidhani nina nyumba ndogo, kumbe nimerudi uwanjani!

Wapenzi wasomaji, leo nataka niwaulize swali kabla sijawapa kisa. Hivi mwanamume wa miaka 45, mwenye mke na watoto watatu, akianza kudamka kila Jumapili alfajiri, akatoka kwa kunyata kama mwizi wa kuku, begi dogo begani, halafu akarudi saa tatu ameshaoga na ananukia sabuni ambayo haimo ndani ya nyumba yake, mkewe afikirie nini?

Msinijibu. Jibu nalijua, maana nilipewa uso kwa uso.

"Baba Watoto," aliniambia mke wangu Jumapili ya tatu, amesimama mlangoni, kanga kiunoni na mikono juu ya kanga. "Huko unakokwenda kuoga kuna maji matamu kuliko ya hapa?"

Ebo! Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilitaka kusema kweli, lakini kweli yenyewe ilikuwa inanitia aibu kuliko uongo. Kumbe mwenzenu sikuwa na nyumba ndogo wala kibanda. Nilikuwa nacheza mpira. Na si kwamba nilikuwa nacheza vizuri, la hasha. Nilikuwa nacheza vibaya kiasi kwamba nisingependa mtu anayenifahamu anione, achilia mbali mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Basi bwana, ngoja nianzie mwanzo.

SURUALI NDIYO ILIYONISEMA

Mwanzo wa yote ni suruali. Nilikuwa na suruali moja ya kitambaa, ya kazini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inanikaa barabara. Asubuhi moja kifungo kikakataa kabisa. Nikavuta pumzi, nikaingiza tumbo ndani, kikafunga. Nilipokaa kwenye kiti cha daladala, pwaa! Kikaruka, kikamgonga mama mmoja goti. Mama akakiokota, akanirudishia kwa adabu zote, "Shika kifungo chako, baba." Abiria wakaangalia dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Wiki hiyo hiyo tukapimwa afya kazini. Mimi ni karani wa mizigo, kazi yangu ni kukaa. Nakaa kwenye daladala, nakaa ofisini, nakaa tena kwenye daladala, nikifika nyumbani nakaa kutazama watu wengine wakikimbia kwenye televisheni. Daktari akanifunga mpira wa mashine mkononi, mashine ikanguruma, akaandika 158 kwa 97. Akasubiri kidogo, akapima tena. Ikawa vilevile.

"Baba yako yuko hai?" akaniuliza.

Nikamwambia alishatangulia mbele ya haki.

"Aliumwa nini?"

"Kiharusi."

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

Daktari akaacha kuandika. Wala hakusema kitu. Mimi mwenyewe nikatoa hesabu pale pale kitini, arobaini na tisa toa arobaini na tano, ikabaki nne. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo, lakini ilinitoa jasho.

Akanipa dawa, akanikataza chumvi ya kuongeza mezani, kisha akasema nitafute mazoezi. "Lakini tafuta zoezi ambalo hutalichoka," akanionya. "Zoezi zuri ni lile ambalo mwezi ujao bado unalifanya."

Nikaanza kukimbia barabarani. Siku ya kwanza nilikimbizwa na mbwa. Siku ya pili vijana wa bodaboda kijiweni wakaniuliza, "Mzee, unamkimbia nani, tukusaidie?" Siku ya tatu mvua ikanyesha, nikamshukuru Mungu. Siku ya nne sikuamka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo maana, wapenzi wasomaji, nilipoamua kurudi kwenye kandanda sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza nione kama nitafika wiki ya pili.

NAMBA SABA WA CHANDIMU

Mimi ni mtoto wa Temeke. Mpira wetu wa kwanza ulikuwa wa makaratasi na soksi kuukuu, ukafungwa kwa kamba mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Magoli ni ndala mbili huku na ndala mbili kule. Kona tatu penalti. Refa hakuna, anayepiga kelele zaidi ndiye mwenye faulo. Hiyo ndiyo chandimu, na aliyepita humo hasahau.

Nilikuwa winga wa kulia, namba saba. Sikuwa na nguvu lakini nilikuwa na mbio. Nilikuwa na chenga moja tu, ya kuingia ndani kisha kutoka nje, na kila beki wa mtaani kwetu aliijua, na kila beki iliendelea kumla. Mwaka 1993, wakati Simba wanacheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan ya Ivory Coast, nilikuwa na miaka 14. Siku hiyo mji mzima ulikuwa unaelekea Chang'ombe, kwenye Uwanja wa Taifa wa wakati ule, ambao siku hizi unaitwa Uhuru. Simba walifungwa mbili bila. Tulirudi mtaani kimya kama tunatoka makaburini, lakini kesho yake jioni tulikuwa mchangani, na kila mmoja wetu alikuwa anaicheza fainali ile upya ili sisi tushinde.

Mkiniuliza niliacha lini, sina jibu. Hakuna siku niliyosimama nikaaga. Mwaka 2002 nilipata kazi. Jumamosi ikawa ya kazini. Jumapili ikawa ya harusi, na kama si harusi ni kikao cha harusi, na kama si kikao ni msiba. Mtoto wa kwanza akazaliwa, kisha wa pili. Njumu nikazisukumia uvunguni kwa ajili ya wiki ijayo. Wiki ijayo ikachukua zaidi ya miaka ishirini. Nilipozitafuta mwaka juzi, nilikuta panya wamekula zote, wamebakiza kamba.

Katikati ya hapo nikawa kocha wa sebuleni. Mnawajua watu hawa. Mchezaji wa kimataifa akikosa goli, mimi na glasi yangu ya soda nikamwambia angepiga kwa mguu wa kushoto.

MDOMO ULIBAKI MWAKA 2002

Aliyenirudisha ni fundi friji mmoja jirani yangu. Yeye na wenzake huwa wanacheza kila Jumapili kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kundi la maveterani. Mchango ni shilingi elfu mbili, za maji na za mpira. Masharti ni uwe umefikisha miaka 35, ingawa tukipungua tunajazia na vijana wanaopita.

Nikaenda mitumba ya Karume, nikanunua njumu za shilingi elfu kumi na tano. Muuzaji akaniuliza, "Za mwanao, mzee?" Nikamjibu ndiyo.

Wapenzi wasomaji, siku ile ya kwanza sitaisahau. Mchezo ulipoanza, mwenzetu wa katikati akaurudisha mpira nyuma. Nikapiga kelele, "Refa, rudia! Mpira wa kuanzia haurudi nyuma!" Watu wote wakasimama kuniangalia. Kumbe sheria hiyo ilibadilishwa tangu mwaka 2016, siku hizi unaanza kwa kupiga upande wowote unaotaka. Na ule mpira wa goli nao, tangu mwaka 2019 kipa anaweza kumgawia beki wake ndani ya boksi bila kusubiri utoke nje. Kwenye televisheni nilikuwa nimeyaona hayo mara mia. Ila mdomo wangu ulikuwa bado uko mwaka 2002.

Miguu nayo ilikuwa na mambo yake. Kichwani chenga ilikuwepo, nzima, haina hata vumbi. Nikauona mpira, nikamwona beki, nikasema moyoni ingia ndani, toka nje. Kichwa kikatoa amri. Amri ikashuka kifuani, ikapita tumboni, pale ikachelewa kidogo kwa sababu ya msongamano, ilipofika mguuni beki alikuwa ameshaondoka na mpira, yuko mbali, anaulizia mtu wa kumpa.

Dakika ya nane nilikuwa napumua kwa mdomo, masikio na mgongo. Dakika ya kumi na mbili akanijia kijana mmoja kati ya wale wa kujazia, hajafika miaka ishirini. Akanikuta nimesimama miguu imeachana. Huyo kijana ana malezi mazuri, wallahi. Alinisalimia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

Nikafungua mdomo nijibu marahaba. Kabla sijamaliza, mpira umepita katikati ya miguu yangu. Tobo! Na shikamoo juu.

Nilitolewa, nikakaa benchi, yaani juu ya tofali. Nilikaa pale mpaka mwisho. Nikajiapia sirudi tena. Lakini usiku ule nililala kama mtoto mchanga, na Jumatatu ofisini, misuli inauma kila nilipoinuka, nilijikuta nacheka peke yangu nikikumbuka ile shikamoo. Jumapili iliyofuata nilikuwa wa pili kufika uwanjani.

Kuhusu kuoga, nilikuwa naoga kwa fundi friji ili nisirudi nyumbani na mchanga. Sabuni ilikuwa ya mkewe. Ndiyo hiyo iliyoniletea kasheshe.

MAMA WATOTO NYUMA YA GOLI

Turudi mlangoni. Mke wangu alikataa maelezo. Nikamwonyesha njumu, akasema njumu yeyote anaweza kununua. Jumapili ya nne sikumwona alipotoka nyumbani. Nilikuwa nakimbilia mpira pembeni, nikainua macho, lahaula! Mama Watoto yuko nyuma ya goli, na mtoto wetu wa mwisho mkononi, wanatazama.

Basi nikataka kuonyesha. Mwanamume akitazamwa na mkewe anasahau umri. Nikaongeza mbio, nikageuka ghafla, na mguu wa kulia ukaingia kwenye kishimo. Enka ikalia kaa! Nikaenda chini mzimamzima kama gunia la mchele.

Nilitegemea atakuja mbio analia. Alikuja taratibu, akainama, akanikagua kwanza uso kisha mguu, akawaambia wenzangu, "Shemeji zangu, mnisamehe, nilidhani ana mwanamke. Kumbe ana wazimu tu." Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mimi niliyekuwa chini.

Nyumbani mke wangu huwa anauza barafu za ukwaju na za ubuyu. Kwa vile mguu ulikuwa umevimba na duka la barafu liko mbali, nilifungua friji nikachukua barafu nane, nikazifunga kwenye kitambaa kuzunguka enka. Maumivu yakatulia kweli. Ila ziliyeyuka, ukwaju ukachuruzika, na saa moja baadaye sisimizi wa mtaa mzima walikuwa wamekuja kunipa pole. Mke wangu akaandika kwenye daftari lake la madeni, jina langu, barafu nane.

Nilikaa nje wiki tano. Na hapo ndipo nikajifunza jambo ambalo utotoni halikuwepo. Tukiwa vijana, ukiumia leo kesho unacheza. Sasa mwili unaandika kila kitu kwenye daftari, kama mke wangu.

DAKIKA TANO TU

Hadi hapa mmecheka, na mimi nimecheka pamoja nanyi. Lakini kuna Jumapili moja ambayo sisi wa pale hatuichekei.

Tulikuwa na mwenzetu, mwalimu wa hesabu, wakati ule ana miaka 54. Tunamwita Mwalimu tu. Alikuwa mchezaji bora kuliko sisi wote. Hakimbii, mpira ndio unamkimbilia. Anasimama katikati, anagusa mara moja, na wewe winga unajikuta uko peke yako na kipa. Watu walikuwa wanakuja na viti kumtazama.

Siku hiyo nilikuwa mchezaji wa akiba. Utaratibu wetu ulikuwa kupokezana, na zamu yangu ilikuwa ya kumpokea yeye. Kipindi cha pili nikasimama mstarini, soksi nimepandisha. Nikamwita. Akanyoosha kiganja, vidole vitano. Dakika tano tu. Zikapita. Nikamwita tena, akanyoosha tena vidole vitano. Jua limeshakuwa kali. Mimi hasira zikanipanda. Nikapaza sauti mbele ya watu, "Mwalimu, acha uchoyo! Mpira si wa baba yako!"

Akanigeukia. Alitaka kusema kitu. Akakaa chini polepole kama mtu anayetafuta kitu mchangani, kisha akalala ubavu.

Tulimbeba kwenye bajaji, watatu tumejibana, yeye kichwa kiko mapajani kwangu. Alikuwa anatoka jasho la baridi, mkono wa kushoto ameukumbatia. Njia nzima nilikuwa narudia neno moja, samahani, samahani. Sijui kama alinisikia.

Mungu ni mwema, alifika hospitali akiwa hai, na hai mpaka leo. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Wiki mbili baadaye tulikwenda kumtazama nyumbani kwake. Wengine walipotoka nje nikabaki naye. Nikamwomba radhi kwa yale maneno. Akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa unaniita nitoke," akasema. "Kifua kilianza kunibana tangu kipindi cha kwanza. Nilijua kabisa kuna jambo. Lakini watu wamekuja na viti vyao. Niliona aibu kunyoosha mkono."

Aibu tu. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini alipiga hesabu ya moyo wake na aibu, akaona aibu ndiyo kubwa. Nami nilipokuwa natoka kwake nilijiuliza, ingekuwa mimi ningenyoosha? Jibu nililolipata sikulipenda.

MKONO JUU

Tangu siku hiyo tulibadilika. Kwanza tulichanga tukanunua mashine ya kupimia presha. Kabla ya mechi kila mtu anapita kwa fundi friji, ambaye ndiye mtunza mashine. Ikisoma vibaya mno unakaa, na unatumwa kwa daktari Jumatatu. Kelele zilikuwepo mwanzoni, sasa tumezoea.

Pili, kupasha. Zamani kupasha kwetu kulikuwa kupiga mashuti golini hadi refa aje. Sasa tunafuata mpango wa FIFA unaoitwa 11+, mazoezi ya kukimbia taratibu, kukunja magoti, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri. Yanachukua kama dakika 20. Mwanzoni tulionekana kama wanaocheza rede, lakini enka na nyama za paja zimeanza kutuheshimu.

Tatu, tumepunguza uwanja. Tunacheza saba kwa saba, dakika 20 mara mbili, na kubadilishana bila idadi. Daktari wangu alinieleza kuwa hatari ya mpira kwa watu wa rika letu ni zile mbio za ghafla. Umesimama, mara unachomoka, mara unasimama tena, na moyo unadaiwa yote hayo kwa mkupuo. Kuna hesabu ya makadirio, 220 toa umri wako, hapo ndipo mapigo ya moyo kwa dakika yanapofikia ukingoni. Mimi ni 174. Mwanangu wa miaka 20 ni 200. Kwa hiyo tukikimbilia mpira mmoja, mimi ukingo wangu nitaufikia kabla yake.

Lakini daktari huyo huyo hakunikataza. Aliniambia huko Denmark profesa Peter Krustrup na wenzake wamefanya utafiti kwa miaka mingi juu ya watu wa kawaida, wasio wachezaji, wanaocheza mpira wa timu ndogo ndogo mara mbili au tatu kwa wiki. Walikuta presha inashuka na moyo unaimarika. Mpira ni dawa, akasema, lakini hakuna dawa ambayo mgonjwa anajipimia mwenyewe kwa kikombe.

Na sheria ya nne ni hii. Mtu yeyote akinyoosha mkono juu, mchezo unaendelea lakini yeye anatoka, na hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini. Atakayecheka analipa elfu tano. Tuliipitisha kwa kura zote. Wiki nne zikapita hakuna aliyenyoosha! Kila mtu anangoja mwenzake aanze.

Sabasaba ya mwaka jana tulikuwa na mechi na maveterani wa mtaa wa pili. Hiyo kwetu ni kama Simba na Yanga. Ngoma, vuvuzela, watoto juu ya ukuta. Mwanangu wa kwanza alikuja na rafiki zake wa chuo. Namba saba mgongoni kwangu. Ilipofika kipindi cha pili tulikuwa bila kwa bila. Nikakimbia mara moja, nikarudi, nikakimbia tena. Moyo ukaanza kugonga, si kifuani, shingoni. Macho yakawa na vinyota kidogo. Na wakati huo huo kipa wetu akadaka, akaniangalia, mbele yangu kuko wazi kabisa. Kweupe. Bao hilo niliota tangu mwaka 1993.

Nikanyoosha mkono.

Msidhani ni rahisi. Mkono ule ulikuwa mzito kuliko gunia lolote niliwahi kulibeba. Nikatembea hadi mstarini, sikumwangalia mtu. Kelele za uwanja zikapungua, au labda ni masikio yangu. Aliyeingia badala yangu alipewa ule mpira, akaupoteza, wenzetu wakaondoka nao, goli. Tukafungwa moja bila. Naam, ndugu msomaji, ukweli ndio huo. Laiti ningebaki labda ningefunga. Na labda leo makala hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Nilipokaa kwenye tofali nilikuta pembeni kuna kiti, na kwenye kiti yuko Mwalimu. Hachezi tena, lakini kila Jumapili anakuja na kiti chake. Hakunipa pole wala hongera. Alinipa chupa ya maji, akatazama saa, akahesabu mapigo ya moyo wangu kwa vidole viwili shingoni mpaka yakashuka.

"Umenyoosha vizuri," akasema. "Mimi nilinyoosha vidole, wewe umenyoosha mkono."

Dakika mbili baadaye beki wetu wa kushoto akanyoosha wake. Kisha kipa, jambo ambalo lilileta ubishi, maana yeye alikuwa hajakimbia hata hatua kumi.

Mwanangu alinifuata baada ya mechi. "Baba, mbona ulitoka? Mpira ulikuwa wako ule."

Nikamwambia babu yake alifariki akiwa na miaka arobaini na tisa. Akanyamaza. Naye akatoa hesabu, nilimwona usoni. Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye ndiye aliyebeba begi.

HESABU YA SASA

Wiki iliyopita mashine ya fundi friji ilinisoma 136 kwa 86. Dawa bado nakunywa, msije mkaacha za kwenu eti karani mmoja kaandika gazetini. Suruali ile kifungo kinafunga, ilmradi nisikae ghafla. Na nyie mnaotaka kurudi mchangani, pimeni kwanza. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanapanda mkononi au tayani, jasho la baridi linakutoka, usiombe dakika tano. Toka, na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Chenga yangu bado inachelewa mguuni. Yule kijana wa shikamoo amekuwa rafiki yangu, na juzi nilimpiga tobo. Nilikumbuka kumwambia marahaba.

Na Mama Watoto? Siku hizi Jumapili anaamka kabla yangu. Ana dumu la maji ya baridi na kisanduku cha barafu, anakaa chini ya mwembe nyuma ya goli. Wakati wa mapumziko maveterani wote wamemzunguka. Mimi natoa mchango wa elfu mbili, yeye anarudi na elfu ishirini. Nikimuuliza faida iko wapi, ananijibu kuwa bado anakata deni.

Zile barafu nane, jamani, hazijafutwa mpaka leo.